Hodi ya Mzee Jumbe

Mzee Jumbe wa Nguvumali hakuwahi kuingia nyumba asiyoitikiwa. Hodi mara tatu. Kukiwa kimya, anarudi zake. Ndivyo alivyolelewa kijijini kwao Mkwaja, na hata vitani hakuacha.

Mwaka wa sabini na tisa alikuwa jeshini, na kwa kuwa ni mtu wa pwani, wakampanga kwenye boti za kuvuka ziwa. Alfajiri moja wakashushwa kwenye kisiwa walichoambiwa kimejaa adui. Wakaruka majini hadi kiunoni, bunduki juu, Jumbe akitamka shahada. Haikulia hata risasi moja. Adui kakimbia, wenyeji wamekimbia kabla yake. Kuku tu.

Wakaamriwa kukagua nyumba. Jumbe akasimama mlangoni na bunduki yake.

"Hodi! Hodi! Hodi jamani!"

Kimya. Akaketi barazani.

"We Mtanga!" afande akafoka. "Umekuja kupigana au kuposa?"

"Hawajaitikia, afande."

Hatibu, mwenzake wa kikosi, akazungukia uani, akaingia, akaitikia kwa sauti nyembamba ya kike: "Karibu, baba!" Askari wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Jumbe akavua viatu, akaingia.

Alipomwoa Zuwena alimsimulia. Basi miaka arobaini na zaidi, kila akirudi akapiga hodi, Zuwena aliitikia kutoka jikoni kwa sauti hiyohiyo nyembamba: "Karibu, jeshi!"

Zuwena amefariki. Arobaini yake ilisomwa wiki jana, na siku zote hizo Jumbe alikuwa kwa binti yao Nasra, Raskazone. Akiambiwa arudi kwake, ana udhuru. Leo kakubali. Nasra kabaki nyuma anashusha mizigo kwenye bajaji, mzee katangulia.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Ya tatu haikutoka vizuri. Akaketi barazani.

Jirani, Sabiha, akachungulia juu ya ukuta, nguo mbichi begani. "Shikamoo, Mzee Jumbe. Unamngoja nani na nyumba ni yako?"

"Marahaba. Namngoja wa kuitikia."

"Haya, na Nasra akija kupiga hodi, ataitikiwa na nani?"

Mzee akainuka, akafungua mlango. Akavua viatu, akaingia. Ndani palinukia vumbi, na udi kidogo. Akafungua dirisha. Birika lilikuwa palepale alipoliacha marehemu.

"Hodi, baba!" Nasra huyo mlangoni.

Jumbe akakohoa, akaibana sauti ikawa nyembamba.

"Karibu, jeshi!"

Nasra akacheka hadi begi likamponyoka. Mzee akabandika maji ya chai.