Aliyenitetea Hakuwepo Niliporudi

Siku tume ya usuluhishi wa kazi ilipoamua kwamba nilifukuzwa kazi bila haki na kuamuru nirudishwe kiwandani, nililia pale pale kwenye benchi. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimeitwa mwizi wa mabondo, vile vifuko vya ndani ya sangara vinavyouzwa ghali kuliko nyama yake. Yalikutwa ndani ya buti zenye namba yangu. Lakini siku hiyo buti zangu zilikuwa zinavuja, nikaazima nyingine. Aliyekubali kulisema hilo mbele ya tume alikuwa mmoja tu: mama wa Kikerewe niliyesimama naye meza moja ya kukata minofu, aliyenifundisha kushika kisu. Miezi kadhaa kabla ya uamuzi alikuja na kitenge chake cha kanisani, akasema alichokiona, akakaa.

Jumatatu nikarudi kazini. Upande wake wa meza alisimama msichana nisiyemjua.

"Mama yuko wapi?" nilimuuliza msimamizi.

"Mkataba wake uliisha."

"Lini?"

"Muda sasa. Kabla ya Pasaka."

Ilikuwa ni wiki chache tu baada ya yeye kutoa ushahidi. Na tangu hapo nilikuwa nimekutana naye sokoni mara mbili, nikamuuliza habari za kazini, akanijibu nzuri.

Nilipotoka nilikwenda kwake Mabatini. Nilimkuta kibarazani akichambua dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekupokea?"

"Wamenipokea. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeifuta kesi."

Ni kweli, ningeifuta. Nikamwambia basi na yeye aende akalalamike, nitamsindikiza. Akatikisa kichwa. Mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita, wangesema umekwisha wenyewe. Halafu alichoka, hakutaka tena kukalia yale mabenchi.

"Basi kesho naandika barua, naacha kazi," nilisema. "Siwezi kusimama pale."

Aliweka ungo chini. "Usinifanyie hivyo. Mimi nimeshatoka. Ukitoka na wewe, nilisema kweli kwa faida ya nani?"

Nikavuta kigoda, tukachambua dagaa pamoja mpaka jua likazama.

Mvua zilipokaribia alihamia Ukerewe kwa kaka yake. Nilimsindikiza hadi kwenye kivuko, nikambebea godoro. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi, maneno nilikuwa nayo tangu asubuhi. Nikajikuta namuuliza kama amebeba maji ya kunywa.

"Nimebeba," alisema.

Bado niko kiwandani. Watu waliofukuzwa hunijia kuuliza nilishindaje. Nawaambia watafute shahidi, kisha nawauliza mkataba wa huyo shahidi unaisha lini. Wengi hawaelewi kwa nini nauliza.

Mara ya mwisho nilipompigia simu alipokea kaka yake. Alisema mama yuko shambani, anapalilia mihogo. Nikasema nitapiga tena jioni. Sikupiga.