Gari la Wazee na Meza ya Philomène

Ukimuuliza mtu yeyote pale Chambeyrac, kijiji cha milimani huko Ufaransa, ni nani anayejua kupanga safari, atakuonyesha nyumba yenye madirisha ya bluu nyuma ya kanisa. Humo anakaa Bi Armande Courbière. Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji mpaka shule yenyewe ilipokosa watoto ikafungwa, na tangu hapo ukali wake wote akauhamishia kwa wazee. Kila majira ya kuchipua chama chao hukodi basi na kutoka siku moja, na ni yeye anayewapangia.

Na anajua, jamani. Jumatatu hakupeleki mjini, maana nusu ya milango utaikuta imefungwa. Agosti ndiyo kabisa usimtajie. Wenye mji wako baharini na funguo zao. Mzee hamshushi kwenye gari kabla hajajua choo kiko wapi. Viatu vipya amevipiga marufuku. Na ukifika kwenye chakula cha mchana, hapo ndipo anapoinua kidole.

"Jiko la mjini linapokea watu saa sita," anasema. "Saa nane likifungwa, limefungwa. Hata uje na askofu, utapewa glasi ya maji na pole."

Mwaka huo wazee walikuwa wameshakubaliana kwenda kutazama mapango ya jibini, mle inamoivishwa gizani, kama mwaka uliopita, na kama mwaka wa kabla yake. Bi Armande hakuwa na neno. Mpaka asubuhi moja alipotoka na kikapu chake kununua mkate kwenye gari la mwokaji, na yule mama muuza mkate akamwambia huku anahesabu chenji:

"Nimesikia dada yako wa Lyon anafunga mgahawa. Mwisho wa mwezi. Miguu imechoka, maskini."

Bi Armande akachukua mkate wake, akasema kumbe, akarudi nyumbani. Alipofika jikoni akagundua mkate ameuvunjavunja wote njiani.

Dada yake ni Philomène, aliyemtangulia kwa miaka mitano, na ambaye tangu usichana wake alikuwa Lyon akiwapikia watu. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na kitu. Siku waliyomzika mama yao, Philomène ndiye aliyewapikia waombolezaji, utumbo wa ng'ombe uliokaangwa na chenga za mkate, chakula kilichompa jina mjini. Armande akaonja, akaweka uma chini, akasema mbele ya ukoo mzima, na padri akiwepo, "Mji umekuharibu mkono, dada." Philomène akavua aproni. "Basi kwangu usije kula tena," akasema, na akapanda treni ya jioni ileile.

Sasa mgahawa unafungwa. Armande hajawahi kukaa mezani pale tangu siku hiyo, na mwezi ukiisha hatakaa tena maisha. Apande treni aende peke yake? Hapana! Huko ni kupiga magoti. Philomène angemwona mlangoni angejua amekuja kuomba msamaha, na hiyo ni furaha ambayo Armande hakuwa tayari kumpa mtu bure. Lakini akitokea na basi zima la wazee wenye njaa, ambao bahati tu imewafikisha kwenye mlango ule, nani atasema amekuja kuomba nini? Hayo ni matembezi.

Shida ni kwamba basi lisipojaa haliondoki, na wazee wa Chambeyrac walikuwa wanataka jibini. Basi Bi Armande akajifunga kibwebwe.

Alianza na Bi Clothilde, mama wa kanisa, ambaye hakosi misa hata akiwa na homa.

"Shoga, hivi umefika umri huu hujaliona kanisa la Fourvière? Lile la juu ya kilima?"

"Nimeliona kwenye kalenda."

"Kwenye kalenda! Na mume ulimwona kwenye kalenda? Ukifa utaulizwa, utajibu nini? Kwamba ulikwenda kwenye jibini mara tatu?"

Bi Clothilde akafanya ishara ya msalaba na kusema atafikiri. Kwake kufikiri ni kukubali.

Halafu akampitia mwenyekiti wa chama, Mzee Anselme Rivoire, aliyekuwa posta zamani. Huyu anajivunia kitu kimoja duniani, mkono wake katika mchezo wa kurusha tufe za chuma zikae karibu na kijitufe cha shabaha. Alimkuta uani anazipangusa kwa kitambaa kama mayai.

"Mwenyekiti, sikuja kukuudhi."

"Ukianza hivyo umekuja kuniudhi."

"Kuna wazee Lyon, wanacheza pale kando ya mto. Wanasema watu wa milimani hamrushi tufe, mnafukuza kuku kwa mawe."

Mzee Anselme akasimama taratibu. "Nani kasema?"

"Majina sijui. Ningekuwa na basi ningekwenda kuuliza."

Bi Raymonde, mjane anayependa kupendeza kuliko wajane wote wa wilaya, hakuhitaji hata kuketishwa. Kuambiwa tu kwamba kule wanauza leso za hariri zinazofumwa palepale dukani, akauliza aje na mkoba mkubwa au mdogo. Na hivyo hivyo nyumba kwa nyumba, kila mtu akapewa Lyon yake. Chama kilipokutana kwenye kahawa ya Alhamisi, mikono yote ikainuka, na mapango ya jibini hayakupata hata kura ya huruma.

"Ajabu," alisema Mzee Anselme. "Nilidhani nitawabembeleza."

"Ajabu kweli," akasema Bi Armande, akimwongezea kahawa.

Ikabaki simu. Alifunga mlango, akaziba mdomo wa simu kwa kitambaa cha pua, akaikwaruza sauti mpaka ikawa ya kibabu.

"Tunataka meza ya watu thelathini na sita. Chama cha wazee. Kutoka... kutoka milimani."

"Milima gani?" Sauti ilikuwa ileile, imeshuka kidogo tu.

"Ya huku huku. Utumbo upo?"

"Upo."

"Mnaufunika na kitambaa unapopoa, au mnauacha hivyo hivyo na nzi?"

Upande wa pili kijiko kikawekwa mezani. Kisha, "Saa sita na nusu. Na mje mapema, mimi sipiki mara mbili." Simu ikakatwa.

Siku ya safari Bi Armande alikuwa amevaa koti lake la arusi za watu. Kila kitu alikipanga. Alijua basi haliruhusiwi kuingia mitaa ya zamani, kwa hiyo dereva, kijana mpole aitwaye Loïc, angewashusha kando ya mto Saône. Alijua choo kiko wapi. Alijua kabisa kuna ngazi ngapi za kuepuka ukipanda kilima cha wafumaji, ulipo mgahawa, na njia gani yenye mwinuko wa huruma. Kitu kimoja tu hakukipanga. Hakupanga siku ambayo watu thelathini na tano watakaa ndani ya gari moja na kuanza kuzungumza.

"Tukifika tunaanza na kanisa," alisema Bi Clothilde walipoiacha barabara ya milimani.

"Kanisa gani?" Mzee Anselme akageuka, mfuko wa tufe ukalia kengele magotini. "Tumekuja kucheza!"

"Kucheza? Armande aliniambia hariri," akasema Bi Raymonde.

"Mimi aliniambia soko la maua."

"Mimi aliniambia kuna daktari wa magoti barabarani."

Vichwa vyote, vyenye nywele na visivyo na nywele, vikamgeukia. Bi Armande akainuka, akamnyang'anya Loïc kipaza sauti.

"Kila mtu alichoambiwa ni kweli," akasema bila kupepesa. "Mji ni mkubwa, si kama Chambeyrac, unabeba vyote. Nendeni mkafanye yenu. Ila saa sita na nusu nawataka mezani, kilima cha wafumaji, mlango wa kijani. Asiyekuja shauri yake."

Walipiga makofi. Akakaa, amefurahi na nafsi yake kupita kiasi. Mtu aliyewapeleka wazee huku na huko miaka yote ile amewashika mikono, siku hiyo moja akawaachia mjini kama njiwa.

Bi Clothilde na kundi lake walipanda kile kitreni cha kupanda kilima mpaka Fourvière, wakakuta misa imeanza. Nani atoke misani? Mzee Anselme alipata wazee kweli kando ya mto, na tufe kweli, akawauliza habari ya kuku. Hawakujua anazungumza nini, lakini walimkaribisha achague upande. Bi Raymonde aliingia dukani, akajifunga leso ya kwanza, akaitisha kioo.

Bi Armande alipanda peke yake, pole pole, kwa mwinuko wa huruma. Saa sita na nusu alikuwa upande wa pili wa barabara, anautazama mlango wa kijani. Dirishani meza zimeunganishwa ukuta mpaka ukuta, glasi zimepangwa, mkate umekatwa. Hakuna mtu.

Akangoja. Akatazama juu ya kilima, akatazama chini. Alipita mbwa, akapita mleta barua, wakapita watalii wawili wakamwomba awapige picha. Saa saba ikagonga. Ndipo alipoelewa alichojifanyia. Uongo wake mwenyewe ndio uliowatawanya. Sasa akiingia ataingia hivi alivyo, peke yake, koti la arusi na yote, sawasawa kama mtu aliyekuja kuomba msamaha. Akageuka kurudi kwenye basi. Alikuwa amekwenda hatua chache tu mlango ulipofunguliwa.

"Utasimama hapo mpaka uote mizizi?"

Philomène amezeeka. Amekuwa mfupi, na fimbo mkononi, lakini kidevu ni kile cha nyumbani.

"Nilikuwa napita," akasema Armande.

"Unapita, ndiyo. Wenzako thelathini na tano wanapita wapi?"

"Wanakuja."

"Nilikujua kwenye simu, mjinga wewe. Nani mwingine angeniuliza habari za nzi?"

Akaingia. Akakaa kwenye kona ya ile meza ndefu kama mtu aliyesahauliwa na arusi. Philomène akaweka sahani ya utumbo mbele yake, akavuta kiti, akaketi kumtazama. Armande akakata, akatafuna. Ulimi wake, ambao tangu jiko la shule ulizoea kutafuta kosa, ulizunguka huku, ukazunguka kule, ukarudi mtupu.

"Unalika," akasema.

"Unalika!" Philomène akapiga fimbo chini. "Miaka yote hii, umekuja kuniambia unalika!"

"Basi ni mtamu. Umeridhika?"

"Bado. Malizia."

Armande akakitazama kipande kilichobaki kwenye uma. "Siku ile," akasema, "sikupaswa kusema."

"Siku ile chumvi ilizidi. Nilijua kabla yako. Lakini nani alikutuma utangaze kama bei ya ng'ombe?" Akamsogezea divai. "Kunywa, usinililie mezani, sijafua hivi vitambaa vya meza juzi juzi kwa ajili hiyo."

Wakala. Philomène aliuliza nani amekufa kijijini, Armande akamtajia, na kwa kila mmoja wakakumbuka alivyokuwa mchoyo au alivyokuwa anaimba vibaya. Saa nane ilipogonga Philomène alinyanyuka, akaenda akapindua kibao cha mlangoni upande wa 'Pamefungwa'.

Hapo ndipo walipokuja. Mbele Mzee Anselme, uso mwekundu, na mfuko wa tufe begani. Nyuma yake Bi Raymonde amejifunga leso mbili kwa pamoja, na Bi Clothilde anashika mbavu. Nyuma yao chama kizima, na Loïc dereva, wanahema kwa kupanda kilima. Anselme akagonga kioo.

"Jiko limefungwa," akasema Philomène, akarudi akakaa. Hakuinua sauti. Alimtazama tu mdogo wake.

Armande alijua jicho hilo. Nje wapo majirani zake, watu atakaokutana nao kesho asubuhi kwenye gari la mkate. Akajifuta mdomo, akaenda mpaka mlangoni.

"Armande!" Anselme akapiga kelele kupitia kioo. "Tumeshinda! Fungua, tuna njaa!"

"Saa ngapi, mwenyekiti?"

"Saa nane na... Armande, acha mchezo!"

"Limefungwa," akasema Bi Armande, na akavuta pazia.

Nyuma yake akasikia sauti kama mlango mkavu unaolazimishwa. Philomène alikuwa anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, akashika meza, akajifuta macho kwa kitambaa kilekile alichokataza kuliliwa.

"Wafungulie," akasema alipopata pumzi. "Wafungulie hao wapumbavu, chakula cha watu thelathini na sita nitampa nani, mbwa?"

Armande akafungua. Wakamiminika ndani, viti vikalia, Anselme akaanza kusimulia rusho lake la mwisho kabla hajakaa, Bi Clothilde akaanza kumbariki kila aliye karibu. Armande akarudi kwenye kona yake, akavuta kiti, akataka kuketi pamoja na wageni.

"Wewe unakaa nini?" Philomène akamtupia aproni kutoka jikoni. "Njoo huku ubebe sahani."