Bega la Joho Namba Nne

Miaka ishirini na miwili ya kuwashonea wachungaji ilikuwa imemtoa fundi yule ushamba wote kuhusu wachungaji. Aliwajua kwa viuno vyao. Aliwajua walioomba mikono ya joho iwe mipana zaidi, ili ipepee vizuri wakati wa kubariki, na wale waliojigeuza mbele ya kioo chake mara nne, wakimuuliza kama mgongoni kuko sawa. Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia kila mwaka: anayetafuta kazi ya kupendeza na kusema bila kukatizwa, basi aende chuo cha wachungaji. Nyumbani aliyasema wakati wa chakula, na mumewe, dereva wa gari la maiti la hospitali, alitabasamu kidogo akaendelea kula.

Jumanne moja karani wa chuo alileta oda ya majoho saba. Karatasi ilikuwa na namba na vipimo tu, kwa sababu majina ya watakaowekwa wakfu yalikuwa hayajatangazwa kanisani. Fundi akavaa miwani, akaanza kumsomea wifi yake vipimo ili aviandike kwenye vitambaa kwa chaki. Namba moja, mbili na tatu zilikwenda bila tatizo. Alipofika namba nne, alisoma shingo, akasoma kifua, akasoma kwamba bega la kulia limeshuka inchi moja na robo na lijazwe sifongo ili mabega yalingane. Hapo akavua miwani, akaifuta, akaisoma upya mistari ile.

"Wifi, vipi? Umeona nyoka?"

"Nimemwona kaka yako."

Wifi akageuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Yuko hapa," fundi alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Kwenye karatasi."

Wifi alicheka, akasema mabega yaliyoshuka yamejaa mjini. Fundi alitoa kwenye msumari ukutani mchoro wa karatasi wa shati la mumewe, ule aliokuwa akiutumia kumkatia nguo tangu walipooana, akaupima mstari kwa mstari. Shingo ikawa ileile. Kifua kilekile. Hata mkono wa kushoto ulizidi ule wa kulia kwa nusu inchi, kitu ambacho mumewe mwenyewe hakuwahi kukijua. Akakaa juu ya rundo la vitambaa vya wateja. Ndipo alipozikumbuka Alhamisi. Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi jioni, mumewe alikuwa akienda kucheza drafti. Akirudi, fundi humuuliza kama ameshinda, naye hujibu kwamba leo kafungwa vibaya. Mara ngapi alimpa pole!

Alimwachia wifi duka, akaenda hospitali na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mumewe alikuwa nyuma ya chumba cha maiti, akiosha gari.

"Shingo yako ni inchi ngapi?" alimuuliza.

"Si wewe unayejua?"

"Na chuo cha wachungaji nacho kinajua."

Mume akaiacha spanji izame ndooni. Hakukana. Alisema alitaka kumwambia alipofaulu mtihani wa kwanza, kisha wa pili, lakini kila alipoingia nyumbani alimkuta akimchambua mchungaji fulani kuanzia kola hadi pindo. "Maiti siogopi, mama watoto. Ulimi wako naogopa."

Fundi alimuuliza kwa hasira amekosa nini, mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye kazi na pensheni inayomngoja, hata akatafute joho. Akadhani atasikia habari za ndoto au sauti kutoka mbinguni. Badala yake mumewe alimweleza juu ya Ijumaa, siku ya kuwazika wasio na ndugu. Hakuna wabebaji, kwa hiyo yeye na wachimbaji wawili hulibeba jeneza mabegani. Mchungaji huombwa aje akiweza, na mara nyingi hawezi. Mwaka wake wa kwanza wa mazishi hayo, mchimbaji mmoja aliegemea sepetu akamwambia, basi dereva, sema hata neno. Alichokuwa nacho ni fomu ya hospitali, akaisoma: mwanamke, miaka kama arobaini, wadi ya sita.

"Nilimuaga mtu kwa fomu," alisema. "Kila mtu alikuwa hapo kwa kazi yake. Wale kuchimba, mimi kuendesha. Wa kumwombea tu ndiye hakuwepo. Siku hizi naomba mimi, lakini nataka iwe kazi yangu kuwepo."

Fundi alikuwa amekuja na neno la kumchoma. Akauliza kitu kingine kabisa.

"Na nani anaitikia amina?"

"Hakuna."

Ijumaa hiyo fundi alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa na mimba. Alisimama pembeni ya kaburi akiwa mwombolezaji pekee wa mwanamume asiyemjua. Mumewe na wachimbaji waliliweka jeneza chini, naye akajifuta jasho, akaanza kusema. Hakuinua mikono. Alisema polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, na fundi akabaki ameduwaa, kwa kuwa katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuisikia sauti ile. Sala ilipokwisha, wachimbaji wakamtazama fundi. Ilimchukua muda kutambua kwamba wanamngoja yeye.

"Amina," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Aliporudi dukani alilikata joho namba nne yeye mwenyewe. Wifi alikuwa ameshatayarisha kipande cha sifongo, akamnyooshea.

"Kirudishe kwenye boksi."

"Lakini wameandika lijazwe. Bega litaonekana limeshuka, wifi."

"Kwani halijashuka?" alisema fundi, akaanza kukanyaga cherehani.