Karatasi Nane Tupu za Gundi

Gundi anakiri kabla hata hajaulizwa: siku ile mjinga alikuwa yeye, na wala hakuhitaji msaada wa mtu.

Saa tatu asubuhi yuko kazini tayari. Chumba chake kina dirisha moja, meza moja na mbao mbili nzito za kubania karatasi. Mbele yake kitabu kimelala bila jalada, kama kuku aliyenyonyolewa. Anapitisha sindano kwenye mkunjo, anavuta uzi, anaukaza kwa meno. Kisha anachukua karatasi nane zisizo na neno hata moja na kuziweka katikati kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto.

Yeye ni mjalidi, fundi wa kushona vitabu na kuvitia jalada. Jina la Gundi alipewa na shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake, kwa sababu vidole vyake havijawahi kukauka na akianza kueleza jambo habanduki.

Kwa miaka kumi na tisa amejalidi vitabu vya jumba la kutafakari lililo nyuma ya hekalu la Kihindu. Vitabu hivyo vinazunguka swali moja tu: Mimi ni nani? Havitaki msomaji ajibu kwa jina, kazi wala ukoo. Vinamtaka amfuatilie huyo anayesema "mimi" mpaka aone anakotokea.

Gundi alivisoma vyote huku akivishona. Kila Alhamisi alikalia kiti cha mbele na kuwaeleza wasomaji wenzake maana yake. Hana mke, hana mtoto. Kiti kile ndicho kilichomfanya apige pasi shati.

"Uniamshe usingizini, nakutajia mpaka ukurasa," anasema.

Na kukaa kimya kulitafuta hilo jibu mwenyewe? anaulizwa.

"Hata dakika kumi, sijawahi. Nilijiambia, kwani fundi viatu hutembea na kila kiatu anachoshona?"

Shemeji yake ndiye anayefagia jumba hilo. Hajui kusoma. Kila asubuhi, kabla ya kushika ufagio, hukaa saa nzima akiegemea ukuta, macho wazi, hasemi na mtu.

"Nilikuwa namtania. Shemeji, unaulinda ukuta usikimbie? Naye ananijibu, na wewe karatasi zako zimekimbilia wapi mpaka uzifunge kamba?"

Mwezi wa pili mwaka huu, jumba lilimletea nakala arobaini za kitabu kimoja zilizoachia uzi. Katikati ya kila nakala, mara tu baada ya lile swali, kulikuwa na karatasi nane tupu. Gundi akaona huo ni uzembe wa kiwandani. Akazichomoa zote, mia tatu na ishirini, akashona vitabu vikakaa imara kama tofali. Zile tupu akazitia kwenye boksi chini ya meza, za kujaribishia gundi.

Alhamisi ikafika. Wasomaji wakafika kwenye swali, wakafunua, wakaendelea na maneno yaliyofuata bila hata kuvuta pumzi. Mlezi wa jumba, mama mpole wa miwani minene, akamvuta Gundi pembeni.

"Fundi, karatasi zangu ziko wapi?"

"Zilikuwa tupu, mama."

"Ndiyo. Hapo ndipo msomaji hukiweka kitabu chini akakaa. Umetuachia maneno, kazi yenyewe umeikata."

Akampa sharti: asikalie kiti cha mbele mpaka yeye mwenyewe akae na karatasi hizo nane, mchana mmoja.

Kesho yake, saa sita, Gundi alivua ndara mlangoni pa chumba cha kutafakari, akaingia, akakaa katikati ya zulia la kijani, karatasi zikiwa mapajani.

"Kwanza nikasikia sauti inasoma kichwani. Maandishi hakuna, lakini inasoma. Nikasema ngoja, leo nimjue huyu msomaji. Nikasikiliza." Anaiweka sindano chini. "Haikuwa sauti yangu."

Ilikuwa ya kaka yake, aliyemfundisha kusoma, na aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Nywele zilimsimama. Akakumbuka jinsi vitabu vinavyoelekeza, akauliza: na huyu anayeogopa, ni nani? Sauti ikakatika palepale.

"Chumba kilibaki. Saa ya ukutani ilibaki. Kuna mtu alikuwa anapumua, karibu kabisa. Nikamtafuta. Sikumpata."

Ndipo mlango ukafunguliwa. Shemeji yake akaingia na ufagio, kwa mfagio wa mchana. Akatazama pale alipokaa Gundi, macho yakapita kama yanavyopita kwenye kioo cha dirisha. Akafagia, ukuta hadi ukuta. Alipofika mlangoni akaziona zile ndara.

"Kuna mtu humu?" akaita. Akaita mara tatu.

"Nilimsikia vizuri," anasema Gundi. "Nilitaka kuitika. Sikuona wa kuitika."

Ufunguo ukazunguka.

Saa kumi ganzi ya mguu ilimrudisha, akaugonga mlango kwa kelele mpaka ukafunguliwa. Shemeji alipomwona, ufunguo ulimdondoka.

"Ndara niliziona," alisema. "Mwenyewe sikumwona."

Wote wawili wakageuka kulitazama zulia. Michirizi ya ufagio ilikuwa imenyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Ilipita hata pale alipokuwa amekaa, haikupinda, haikukatika.

Leo Gundi amezirudisha karatasi kwenye nakala ishirini na tisa. Zimebaki nakala kumi na moja, na baadhi ya karatasi zake zina madoa ya gundi. Anataka kumaliza kabla ya mwezi kuisha, kisha arudi kukaa pale kwenye zulia. Mlezi amemwambia kiti chake kipo, akikitaka.

"Nakitaka," anasema haraka. "Sasa nina la kueleza."

Shemeji yake anaingia na kikombe cha chai. Gundi hajamkaribisha hata kiti, ameshaanza: kilichompata kina jina vitabuni, ni hatua ya tatu kati ya saba, kipo ukurasa wa tisini na sita, mistari ya chini.

"Hujasoma, shemeji, ndiyo maana ulishtuka," anamalizia. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika."

Mwanamke anaweka chai mezani, mbali na karatasi.

"Mchana ule nilifagia chumba kitupu, nikakifunga kwa ufunguo wangu. Sasa huyu anayenieleza, shemeji, aliingilia wapi?"