Tulipopima Kelele za Korona

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku nikaambiwa nisiliangushe. Lilikuwa zito kama debe la mahindi, na ndani yake kulikuwa na kipima sauti, chombo chenye sindano na kitundu cha kupokea sauti. Aliyenikabidhi alikuwa Bwana Mkaguzi wa Viwanda, Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa mitihani na kukisema kama anayesoma barua. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya kati, nina mwandiko mzuri, na serikali ya wakoloni ilikuwa imenipanga Kilosa niwe karani wake.

"Karani," aliniambia, "kuanzia leo tutaandika jambo ambalo watu wote wanalisikia na hakuna anayeliandika."

Nilivimba kichwa. Nilidhani kuandika jambo ni sawa na kulitengeneza.

Kabla ya kupima kelele, alisema, lazima tujue kwanza ukimya wa nchi hii ukoje. Tukaenda Mikumi, enzi hizo pori tupu na barabara ya vumbi, tukaliweka sanduku kwenye nyasi na kukaa kimya. Sindano haikutikisika mpaka lori moja lilipopita. Hapo ndipo nilipofundishwa desibeli. Kipimo hicho hakihesabiwi kama vibaba vya mchele, kwamba kumi na kumi ni ishirini. Sauti ikiongezeka kwa desibeli kumi, nguvu yake imekuwa mara kumi ya ile ya awali. Wenye baa za Mikumi ya leo, wanaofungulia spika mpaka vyombo vinacheza mezani, hawalijui hilo, na wakiambiwa hawataki kulisikia.

Tuliporudi Kilosa tulichora mji. Unachukua karatasi ya miraba, unachora majengo, kisha unatembea na sanduku lako hatua kwa hatua, kila mraba unaandika sindano imesimama wapi. Ukimaliza unaunganisha namba zinazolingana kwa mstari, kama wanavyochora mwinuko wa milima, halafu unapaka rangi. Kijani ni salama, manjano ni hadhari, nyekundu ni mahali pa kuharibu masikio. Stesheni ilipata manjano garimoshi lilipoingia, na kinu cha mpunga kilipata wekundu kidogo. Bwana Mkaguzi akasema kazi yenyewe hasa iko kwenye mkonge.

Shamba tulilokwenda silitaji jina, maana wajukuu wa waliofanya kazi pale bado wako Kilosa na wanalijua. Katikati yake ilikuwapo korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge ili zibaki singa, yaani nyuzi zake. Ndivyo tulivyoiita, miaka mingi kabla jina hilo halijawa la ugonjwa. Ukiingia pale meno yanatetemeka mdomoni. Mbele ya visu vyake walisimama walishaji, watu wa kupanga majani yaingie sawasawa, kuanzia alfajiri mpaka hesabu ya siku itimie. Kiongozi wao alikuwa Mzee Lameki, manamba aliyeletwa kutoka Buha kwa mkataba na hakurudi tena kwao. Alikuwa rika la baba yangu. Walishaji wake walizungumza siku nzima, midomo ikienda, mikono ikienda, na mimi nikawa nawahurumia kwa kupiga kelele kiasi kile.

Sindano ilipita alama ya mwisho ikagoma huko. Kwenye ramani yangu, pale wanaposimama walishaji, nilipaka wekundu mpaka karatasi ikachubuka.

Meneja wa shamba aliitazama, akacheka. "Hii watu nazoea," alisema kwa Kiswahili chao cha kuamrisha. "Siku korona nyamaza, wewe na mimi hapana kula."

Kumjibu meneja enzi hizo kulikuwa ni kutafuta kufukuzwa. Bwana Mkaguzi yeye alimwambia kwamba anataka ujengwe ukuta wa mbao kati ya injini na watu, na walishaji wa zamani wahamishiwe uwanja wa kuanika singa, kwenye utulivu, kabla masikio hayajaisha kabisa. Makao makuu ya kampuni yenye shamba wakajibu kwa barua: ramani haitoshi, leteni uthibitisho kwamba masikio ya watu yameharibika. Masikio yakionekana mazima, shauri limekwisha.

Mashine ya kupimia masikio hatukuwa nayo. Tulikuwa na kitabu, na kitabu kilisema mpimaji asimame hatua sita nyuma ya mtu, anong'one maneno, mtu ayarudie. Kwa kuwa maneno yalikuwa ya Kiswahili, mnong'onaji nikawa mimi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu, na nililifanya kwa adabu. Mzee Lameki aliingia wa kwanza, nikamwamkia, akaitikia. Nimgeuze anipe mgongo? Mtoto wa shule kunong'ona nyuma ya mgongo wa mtu mzima, kwetu hiyo ni kumsengenya.

"Bwana," nilimwambia Mkaguzi, "kwa desturi zetu haifai. Watakasirika. Wakae wanitazame, mimi nitanong'ona kwa chini sana."

Alifikiri kidogo, akasema, "Wewe unawajua watu wako."

Nikanong'ona: ndoo. Lameki akasema, "Ndoo." Nikanong'ona: arobaini. "Arobaini." Nikashusha sauti mpaka mimi mwenyewe sikujisikia. "Kisu," akasema, bila kusita. Wote wakafaulu hivyo, mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: masikio mazima. Ripoti ikatiwa saini na kupelekwa. Yule mzee wa macho alifukuzwa wiki hiyohiyo kwa kuwa kiziwi.

Wiki chache baadaye nilitumwa tena shambani kuchukua ngazi yetu tuliyoisahau siku ya kupima korona. Njiani nikamwona Mzee Lameki mbele yangu akielekea kambini. Nikaharakisha.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Nikakaribia. "Shikamoo." Kimya. Mara ya tatu nilikuwa karibu kumgusa bega, na moyoni nimeshaudhika, maana salamu ya mdogo haiachwi hivyo. Akageuka kutema mate, akaniona, akautazama mdomo wangu.

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi?"

Ndipo nikaelewa. Wale walishaji hawakuwa wakipiga kelele mbele ya korona. Walikuwa wakisomana midomo, na waliisoma yangu.

"Mzee, wewe husikii," nilimwambia usoni.

"Sisikii tangu mvua za mwaka juzi. Wengi wetu hatusikii."

"Sasa kwa nini hamkusema?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu mpumbavu. "Mzungu amekuja na kitabu anatafuta viziwi. Kiziwi anapewa mkataba na nani? Tukasaidiana, tukaambiana tuutazame mdomo wako. Wewe ulifikiri tungefanya nini?"

Hakuna aliyewaambia. Mkaguzi alikuwa na ramani, Meneja alikuwa na barua, mimi nilikuwa na Kiswahili changu chote mdomoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaambia wale watu kwamba tulikuwa tukitafuta viziwi ili tuwaokoe. Miaka yote hii jambo hilo linanitia hasira kuliko kicheko cha Meneja.

Nilikimbia kwa Bwana Mkaguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Karani, ripoti imekwenda. Nikiandika sasa kwamba hatukujua kupima, nani ataamini hata ramani?"

"Lakini ni uongo, Bwana."

"Ni uongo wenye saini," alisema, na akanipa faili la kiwanda kingine.

Ukuta haukujengwa. Ramani yangu Meneja aliiomba, akaiweka kwenye fremu ofisini kwake kwa sababu ya rangi zake. Mimi nilihamishiwa Morogoro, kisha Tanga, na uhuru ulipokuja nikawa mkaguzi mwenyewe. Nilipima vinu, karakana na viwanda vya magunia. Kila mahali nilianza kwa kuwakusanya watu na kuwaambia tumekuja kufanya nini, kisha nikawaomba radhi na kuwageuza wanipe mgongo. Wazee wengine walinuna. Niliwaacha wanune.

Nilipostaafu nilipita kwenye lile shamba. Korona ilikuwa chuma chakavu. Ofisini mlinzi akaniruhusu kuishusha fremu, nikaenda nayo Dumila, ambako Mzee Lameki alikuwa akilima mahindi kwa mwanawe. Mwili ulikuwa umekauka, macho bado makali.

Niliiweka ramani mapajani mwake. Akasogeza kidole juu yake polepole, akafika palipochubuka.

"Hapa ndipo nilipokuwa nasimama."

"Ndipo."

"Wekundu huu maana yake nini?"

Nikainama anione vizuri. "Maana yake mtu asisimame hapa."

Aliutazama mdomo wangu kwa muda mrefu. "Sema tena," aliniambia.

Nikasema tena, ingawa najua kwamba mara ya kwanza alikuwa ameelewa vizuri kabisa.