Msiba wa Jukwaani

Jumamosi ya pili ya likizo, saa tisa ya mchana, machozi yangu yalitoka. Tangu tumzike mume wangu hapa Lubumbashi sikuwa nimelia hata mara moja, wala kanisani, na jambo hilo lilinitia hofu.

Mdogo wangu, aliyeolewa Ndola, ng'ambo ya mpaka, ambako nilikwenda kumtembelea, alinipeleka kutazama mchezo wa kuigiza. Jukwaani maiti ilikuwa imefunikwa kitenge, na mjane alilia peke yake. Kwetu mjane haachwi alie peke yake. Nilivua viatu, nikapanda, nikaketi chini ubavuni mwake, nikalia hata kitambaa cha kichwa kikaanguka. Watazamaji wakapiga makofi.

"Yaya, dada yangu, shuka!" mdogo wangu aliita. "Ni teatre tu! Ule muntu iko muzima!"

Baadaye nilimkuta yule maiti nyuma ya ukumbi, akila bukari, ugali wetu, na viwavi vya kukaanga. Alijua Kiswahili, maana alikulia Sakania, upande wetu wa mpaka. Akanisogezea sahani.

"Karibu, mama. Unalia muzuri kutupita shiye bote ba teatre. Ulikuwa unalilia nani?"

"Siyue, baba," nilimjibu, maana kweli sikujua, nikanawa mikono.

Chakula kilikuwa kitamu, nikala nikashiba. Nimerudi nyumbani, na bado sielewi nilimlilia nani. Nilimuuliza padri kama kilio kile kinahesabika kuwa cha mume wangu. Alikuna kidevu, akaniambia nimuulize Bwana mwenyewe.

Basi, ee Bwana, kama machozi yangu yalipotea njia kule Ndola, wewe yaelekeze kwa mume wangu, umpumzishe katika mwanga wako. Amina.