Jasho Kwenye Hatamu

Pale mazizini walimwita Mzee Nta, kwa sababu mikono yake ilinukia nta hata akitoka kuoga. Kazi yake ilikuwa ileile tangu ujanani: kutunza matandiko na hatamu za farasi.

Kila asubuhi alifungua bizimu, akatandaza mikanda juu ya benchi, akapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha sabuni, kwa sponji iliyokamuliwa sana, maana ngozi ikilewa maji hukakamaa. Halafu kivulini, kamwe si juani. Mafuta yalikuja mwisho, na mengi yakaenda upande wa ndani, ule usiong'aa, kwa kuwa ndio unaokunywa.

Hakuna mkanda aliouacha. Isipokuwa kwenye msumari mmoja, karibu na mlango. Hapo zilining'inia hatamu za marehemu mkewe.

Mkewe ndiye aliyeendesha gari la majani, likivutwa na farasi jike mweupe aliyeitwa Bi Harusi kwa maringo yake. Walijuana hapohapo mazizini, kabla Bi Harusi hajazaliwa. Siku moja alileta hatamu zimejaa matope, kijana wa nta akamuuliza kama alikuwa amezika mtu nazo. Akajibu kwamba bado, anatafuta wa kumzika. Mwaka haukuisha wakaoana.

Kidole kimoja cha mkono wa kushoto wa mkewe hakikukunjika tangu utotoni, kwa hiyo mkanda wa kushoto aliuzungusha kiganjani mara moja ndipo akashika. Mahali pale ngozi ilikuwa nyeusi kwa jasho lake. Tangu wamzike, mzee hakugusa weusi ule. Alijua fika kwamba chumvi ya jasho hula ngozi, hula na uzi. Angemkuta mwingine amefanya hivyo, angemsema mpaka akome. Lakini hizi alizipangusa huku na huku tu, akilizunguka lile doa kama mtu anayefagia akimkwepa aliyelala.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyevalisha farasi viatu vya chuma. Siku hiyo aliingia na maneno yake ya kawaida, kwamba matandiko yanang'aa hivyo mpaka nzi wanateleza, na mwenyewe hajachana nywele. Kisha akatoa habari. Bi Harusi alikuwa amewakataa waendeshaji wote walioletwa. Kesho gari la majani litachukuliwa na binti wa mzee, kitinda mimba wake, naye anaziomba hatamu za mama yake.

Mzee alisema mpya zipo.

Shemeji akazitungua zile kuukuu, akaukunja mkanda pale penye weusi. Nyufa nyembamba zikafunguka.

"Shemeji," alisema, na safari hii hakutania. "Hapa ndipo zitakapokatikia. Leo au kesho."

Mzee alimwambia azirudishe. Akazirudisha, akatoka bila kuaga.

Mchana binti akaja mwenyewe, bado na majani kwenye nywele. Akasimama mlangoni kama alivyokuwa akisimama mama yake, bega moja ukutani.

"Baba, kama roho inakuuma, acha tu. Nitatumia mpya. Sitakununia."

Mzee akanyoosha mkono, akazitungua.

"Niletee maji. Ya vuguvugu. Kidogo kwenye bakuli."

Akaanza mbali na doa. Akalikaribia polepole. Sponji ilipogusa weusi, ngozi ikaamka, ikatoa harufu: farasi, majani makavu, na yeye. Mzee akasimamisha mkono. Binti akageuka, akatazama ukutani, akawa anasoma misumari.

Mkono ukaendelea. Maji yakawa kama chai ya rangi. Binti alipouliza kama ayamwage, akaambiwa angoje. Bakuli likasukumwa chini ya benchi.

Ngozi ilipokauka, mzee aliipa mafuta kidogo, ikanywa. Akaipa tena, ikanywa tena. Asubuhi akafunga mkanda kwenye nguzo, akauegemea kwa uzito wake wote. Haukulalamika. Weusi ulikuwa umetoka, imebaki rangi ya asali iliyoiva. Lakini mkunjo ulikuwa palepale. Ule mzunguko wa kiganjani, ngozi ilikuwa imeushika, haikuuachia.

Binti akazipokea. Akashika juu mno.

"Shuka kidogo," mzee akasema. "Mama yako alikuwa anazungusha. Mara moja."

Akashuka, akazungusha. Mkanda ukamlalia kiganjani wenyewe. Binti akautazama mkono wake. Nje Bi Harusi alikuwa akipiga kwato, amechoka kusubiri watu.

Alipogeuka kwenda, mguu wake ukagusa bakuli chini ya benchi. Akainama, akalichukua, akamtazama baba yake.

Mzee aliyaangalia yale maji.

"Haya," akasema. "Mwaga."